Usalama wa mgeni Kolwezi unaanzia Musonoi

Mgeni anayefika Kolwezi kwa kazi ya mgodi hupewa maonyo siku ya kwanza. Asitembee kwa miguu usiku. Asipande taksi-moto peke yake. Asionyeshe dola mbele ya watu. Asipige picha ya daraja, ya kizuizi wala ya mgodi. Alale ndani ya ukuta wenye waya na sentineli mlangoni, na akitoka aende kwa gari la sosiete, polisi wakiwa mbele.

Maonyo hayo si ya bure. Mji uliojaa franga za madini hauwezi kukosa wezi. Lakini kilometa chache kutoka nyumba hizo zenye ukuta kuna Musonoi, kambi ya zamani ya wafanyakazi, ambako familia zinakaa karibu kabisa na mashimo ya shaba na kobalti. Huko hakuna gari la sosiete la kumrudisha mama anayetoka sokoni giza likiingia, na hakuna polisi anayemsindikiza kijana anayetoka shule ya jioni. Usalama wa Kolwezi umekuwa kitu cha kununua: mwenye nazo anaupata, asiye nazo anafunga mlango kwa ubao na kumwomba Mungu.

Viongozi wa jimbo la Lualaba, makampuni na balozi za nchi za nje wanapaswa kukubali jambo moja lililo wazi. Mgeni hatakuwa salama mahali ambapo mwenyeji hayuko salama. Kila franga inayolipwa kumlinda mmoja na kumwacha mwingine inaongeza hatari kwa wote wawili.

Katiba haikuwatenga

Katiba ya 18 Februari 2006 imeliweka jambo hili vizuri. Kifungu cha 32 kinasema kwamba mgeni aliye nchini kwa njia halali anapata ulinzi wa mwili wake na wa mali yake kufuatana na sheria na mikataba. Kifungu cha 52 kinasema kwamba Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Vifungu hivyo viwili vimo katika katiba moja, na mwenye kazi ya kuvitimiza ni mmoja: dola. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kifungu cha 32 kitatimizwa kwa pesa za sosiete, na cha 52 kisubiri bajeti ya Kinshasa.

Na yule anayeitwa mgeni si Mzungu peke yake. Kolwezi ya leo ina mainjinia Wachina, wafanyabiashara Wahindi na Walibani, mafundi kutoka Afrika Kusini, wachuuzi kutoka Afrika ya Magharibi, na madereva Watanzania na Wazambia wanaolala ndani ya malori yao kwenye foleni ndefu. Ina pia maelfu ya Wakongomani waliotoka Kasai, Tanganyika, Haut-Lomami na Kivu kutafuta maisha. Dereva wa lori aliyeibiwa mafuta na simu usiku kwenye barabara ya Likasi ni mgeni pia, lakini hakuna balozi anayetoa tangazo kwa ajili yake.

Mji uliokwisha kuyaona

Kolwezi inajua bei ya usalama unaovunjika. Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FLNC waliotoka Angola waliuteka mji. Siku sita baadaye, tarehe 19 Mei, askari wa Ufaransa wa kikosi cha 2e REP waliruka kwa miavuli, nao Wabelgiji wakafuata. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa katika siku hizo, pamoja na mamia ya Wakongomani, na Wazungu zaidi ya 2,000 wakaondolewa kwa ndege. Dunia inawakumbuka zaidi waliopandishwa ndege. Wakaaji wa kambi za Gécamines, waliobaki kuzika maiti na kukabiliana na ukali wa wanajeshi wa Mobutu waliorudi, wanatajwa mara chache.

Mwaka 1991 uporaji wa wanajeshi ulianzia Kinshasa ukafika hadi miji ya Katanga, na mafundi wengi wa nje walifunga mizigo. Mara baada ya hapo ikaja zamu ya wageni wa ndani. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Makumi ya maelfu walingoja treni katika stesheni, bila chakula wala dawa, na wengi walikufa kabla ya kufika. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa. Mfanyakazi aliyekuwa jirani jana aligeuzwa adui kwa maneno ya wanasiasa.

Funzo la miaka hiyo ni moja. Hatari kubwa kwa mgeni wa Kolwezi haikutoka kwa mwizi wa usiku. Ilitoka kwa dola iliyoanguka, kwa askari wasiolipwa, na kwa siasa iliyowafundisha watu kumwona jirani kuwa sababu ya njaa yao. Ukuta haukumwokoa mtu siku hizo.

Kutoka mshahara hadi shimo

Musonoi haikuwa kambi ya maskini. Ilijengwa wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, sosiete iliyochukuliwa na dola mwaka 1967 na kuwa Gécamines. Mfanyakazi alikuwa na nyumba, maji, umeme, shule ya watoto, hospitali na unga wa kila mwezi. Usalama wa kambi ulitokana zaidi na mshahara kuliko na askari.

Gécamines iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilianguka vibaya. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa pesa kidogo, pesa zikaisha. Watoto wao wakashika nyundo na kamba, wakawa wachimbaji wa mikono, wale ambao kila mtu anawaita creuseurs.

Kisha migodi ikaamka tena, ila kwa majina mengine. Leo Musonoi na karties za jirani zimezungukwa na KCC ya Glencore na Gécamines, COMMUS ya Zijin ya China na Gécamines, na miradi mingine. Shaba inatoka kwa wingi, malori yanapita usiku na mchana. Lakini kijana wa Musonoi ambaye babu yake alichimba Kamoto kwa mshahara, leo akishuka katika shimo hilohilo anaitwa mwizi. Mgodi mmoja umempa mgeni kazi, ukampa mwenyeji kesi.

Hili si neno la kuhalalisha wizi. Anayevunja nyumba na kumtisha mama kwa panga ni mhalifu, awe na njaa au asiwe nayo, na vijana wanaoitwa kuluna hawamchagui tajiri: wengi wanaowaumiza ni maskini wenzao. Lakini anayetaka kujua kwa nini mji wenye kobalti nyingi kuliko karibu mahali popote duniani una giza na hofu baada ya saa moja ya jioni, lazima aangalie pia kule ambako mshahara ulikwenda.

Bunduki za kukodi

Kwa sheria za Kongo, walinzi wa sosiete za ulinzi hawaruhusiwi kubeba bunduki. Kwa hiyo makampuni na wageni wenye pesa hutafuta polisi wa PNC, na mara nyingine askari wa FARDC, wasimame mlangoni au wapande gari. Askari ambaye mshahara wake wa mwezi hautoshi hata kodi ya nyumba hawezi kukataa posho ya kila siku. Mtu hawezi kumlaumu. Lakini matokeo yanaonekana: polisi aliyelipwa na Wakongomani wote analinda lango la mtu mmoja, na kituo cha kartie kinabaki na watu wawili, bila gari, bila mafuta, bila hata karatasi ya kuandikia malalamiko.

Mbaya zaidi, bunduki iliyopelekwa kulinda madini imekuwa mara nyingi ikimgeukia mwenyeji. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV wa KCC na kuua wachimbaji wapatao 40. Siku chache baadaye jeshi lilitumwa kuwaondoa creuseurs. Tarehe 15 Novemba 2025, katika mgodi wa Kalando hapahapa Lualaba, angalau watu 32 walikufa pale umati uliokuwa ukikimbia ulipojazana juu ya daraja likaporomoka. Ripoti ya SAEMAPE, idara inayowasimamia wachimbaji wadogo, ilisema kwamba risasi za wanajeshi waliokuwa wakilinda pale ndizo zilizozusha hofu.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inawakataza wanajeshi, polisi na maofisa wa serikali kuomba na kushika haki za madini. Kila mkaaji wa Kolwezi anajua jinsi katazo hilo linavyozungukwa. Mwenye bunduki anayelinda shimo mchana na kuwaruhusu watu waingie usiku kwa malipo si mlinzi. Ni mshiriki katika biashara, na biashara hiyo ndiyo inayolisha uhalifu mjini.

Mgeni anayemkodi askari wa namna hiyo anadhani amenunua amani. Kwa kweli anamwonyesha mtu mwenye silaha na mwenye njaa mahali anapoweka pesa zake, saa anayotoka na njia anayopita.

Hatari ambazo hazimo katika maonyo

Maonyo ya balozi yanazungumza sana juu ya utekaji na mashambulizi. Kuna sababu. Tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa karibu na Goma, pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mkongomani Mustapha Milambo. Novemba mwaka huohuo Wachina watano walitekwa katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini. Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, balozi kadhaa zilishambuliwa na waandamanaji Kinshasa, na nchi nyingi ziliwataka raia wao waondoke.

Lakini Kolwezi si Fizi, na Lualaba haiko chini ya hali ya dharura ya kijeshi iliyowekwa Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu Mei 2021. Anayekuja hapa akiwaogopa waasi atakosa kuziona hatari zilizo mbele ya macho yake. Ya kwanza ni barabara. Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kati ya Kolwezi na Lubumbashi, lori lililobeba asidi liligongana na gari la abiria; watu wapatao 20 walikufa, wengi wakiungua kwa asidi. Malori ya asidi, ya chokaa na ya shaba yanapita barabara hiyo kila saa, mengine bila taa. Kusafiri usiku kati ya miji hiyo miwili ni hatari kwa mgeni na kwa mwenyeji vilevile.

Ya pili ni pesa taslimu. Depo za madini zinalipa kwa dola mkononi, na wezi wanajua siku za malipo. Mara nyingi habari zinatoka ndani: kwa mfanyakazi aliyetukanwa, kwa dereva aliyenyimwa mshahara wa miezi miwili, kwa mlinzi asiyejua jina la bosi wake. Mgeni anayewalipa watu wake kwa wakati na kuwaheshimu amejinunulia ulinzi ambao hakuna sosiete inayouuza.

Ya tatu ni usumbufu wa maofisa. Mgeni anasimamishwa mara tatu kwa siku, leo kwa visa, kesho kwa karata ya kazi, keshokutwa kwa karatasi ambayo haipo katika sheria yoyote. Akilipa bila risiti ili apite haraka, anapandisha bei kwa anayefuata, na anayefuata ni mama wa mihogo au kijana wa moto ambaye hana dola. Karatasi zikiwa sawa, njia salama ni utulivu, risiti, na kuomba kupelekwa katika ofisi ya DGM badala ya kumaliza mambo kando ya barabara.

Haki ya umati

Kuna hatari nyingine ambayo wakaaji wenyewe lazima waiangalie bila kujificha. Mwizi akikamatwa katika kartie, mara nyingi kinachofuata si polisi bali mawe na tairi. Watu wanasema wamechoka: wanampeleka mtu kituoni jioni, asubuhi wanakutana naye sokoni akiwacheka. Uchovu huo unaeleweka. Lakini umati haufanyi uchunguzi. Umeua waliosingiziwa, umeua wenye ugonjwa wa akili, na kesho unaweza kumwua mgeni ambaye gari lake limemgonga mtoto, au mtu wa Kasai kwa sababu tu ya lafudhi yake.

Machi 2024 serikali ilifungua tena njia ya hukumu ya kifo, na baadaye ikatangaza kuhamishwa kwa kuluna zaidi ya 100 kwenda gereza la Angenga. Tangazo kubwa linafurahisha waliochoka. Lakini mwizi wa Musonoi haogopi gereza lililo mbali kaskazini ya nchi. Angeogopa zaidi kama angejua kwamba atakamatwa wiki hii, atahukumiwa mwezi huu mbele ya watu, na hakuna ofisa atakayemwachilia kwa dola hamsini.

Hoja ya makampuni

Makampuni yana jibu lao. Yanasema yanalipa kodi, kwamba mwajiri ana wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na kwamba si kazi ya mgodi kuwa serikali. Jibu hilo lina ukweli. Hakuna anayetaka mainjinia waachwe bila ulinzi, na mji ukiwapoteza, kama ulivyowapoteza mwaka 1978 na 1991, watakaoumia zaidi ni wenyeji.

Hata hivyo, sheria ya 2018 iliyalazimisha makampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, mbali na mikataba ya miradi wanayosaini na jamii hizo. Kwa migodi inayouza shaba na kobalti kwa mamilioni mengi ya dola, hiyo si pesa ndogo. Wakaaji wana haki ya kuuliza taa ngapi zimewekwa Musonoi kutokana na pesa hizo, na mgodi gani umelipa nini. Na uaminifu hauwezi kujengwa huku watu wakiondolewa katika nyumba zao bila fidia ya haki, kama Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi walivyoonyesha katika ripoti yao ya Septemba 2023, iliyotaja pia upanuzi wa mgodi wa COMMUS.

Yanayoweza kufanywa sasa

Kwanza, kila mkataba wa kukodi polisi upite katika hazina ya jimbo na utangazwe. Kwa kila askari anayelinda mgodi au nyumba ya mgeni, mwingine alipwe kutoka pesa hizohizo kwa ajili ya doria ya usiku katika karties. Gavana Fifi Masuka na serikali yake wanaweza kulifikisha hilo mezani bila kungoja sheria mpya.

Pili, taa za jua ziwekwe katika avenyu za Musonoi, Kasulo na karties nyingine, zikilipwa na mfuko wa asilimia 0.3, na orodha ibandikwe katika ofisi ya kila kartie. Giza ni rafiki wa mwizi, na taa ni nafuu kuliko jeneza.

Tatu, wachimbaji wadogo wapewe maeneo ya kweli. Sheria inawaruhusu Wakongomani wenye karata kuchimba katika maeneo yaliyotengwa. Eneo lisilo na madini, au lililo mbali sana, ni maneno ya karatasi tu. Kijana mwenye mahali halali pa kufanyia kazi hana sababu ya kumhonga askari usiku.

Nne, mahakama ziende kwa watu. Kesi za wizi wa silaha zisikilizwe hadharani hapa Kolwezi, na maofisa wanaowaachilia washtakiwa kwa rushwa wakae nao katika kizimba kimoja.

Tano, mgeni na mwenyeji wajuane. Anayehamia kartie, awe Mchina au Mluba, apite kwa mkubwa wa kartie, aandikwe bila kulipishwa, na majirani wamjue kwa jina. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haisemi mgeni njoo, ujenge ukuta, mwenyeji abaki nje. Wala haimruhusu mwenyeji kumtupia mgeni lawama za serikali yake.

Shaba ya Musonoi itaendelea kutoka, na wageni wataendelea kuja. Kama wataishi hapa kwa amani au nyuma ya bunduki, hilo litaamuliwa katika ofisi za jimbo na katika vyumba vya mikutano vya makampuni, mwaka huu wa bajeti na si mwingine. Wakaaji wadai majibu, kwa hesabu na kwa tarehe.